Una uvimbe kwenye titi? Usisubiri kipimo cha damu

Umejipapasa titi wakati wa kuoga, ukakuta kitu kigumu mfano wa punje ya hindi. Hakiumi. Jirani anakuambia siku hizi kipo kipimo cha damu kinachotambua saratani ya titi, kwa hiyo hakuna haja ya kuchomwa sindano na kutolewa kinyama. Je, ni kweli?

Jirani hajakudanganya moja kwa moja. Wanasayansi wanachunguza vitu vidogo sana vilivyomo ndani ya seli, vinavyoitwa maikro-RNA. Viligunduliwa na Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliochapisha matokeo yao mwaka 1993 baada ya kuchunguza mnyoo wa urefu wa milimita moja. Mwaka 2024 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Maikro-RNA hufanya nini?

Kila seli ina jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza protini. Maelekezo hayo hunakiliwa, kisha nakala hupelekwa mahali protini zinapotengenezwa. Maikro-RNA huinasa nakala hiyo na kuizuia isisomwe, au husababisha iharibiwe. Kwa njia hiyo seli hutengeneza protini kwa kiasi kinachotakiwa.

Kwenye saratani ya titi mpangilio huo huvurugika. Maikro-RNA iitwayo miR-21 mara nyingi huwa nyingi kupita kiasi na kuikandamiza jeni ya PTEN, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisikue ovyo. Ni sawa na gari lililokatika breki. Nyingine, za kundi la miR-200, husaidia seli zishikamane. Zikipungua, seli za saratani hubanduka kwa urahisi na kusambaa mwilini.

Baadhi ya maikro-RNA hutoka kwenye seli na kuingia kwenye damu, na hudumu humo bila kuharibika upesi. Hapo ndipo yalipotoka matumaini ya kupata kipimo cha damu.

Kwa nini usikitegemee sasa?

Kwanza, miR-21 huongezeka pia kwenye saratani nyingine na hata mwili unapokuwa na uvimbe wa kawaida unaotokana na maradhi mengine. Ikionekana nyingi, haikuambii tatizo liko wapi. Pili, namna damu ilivyochukuliwa na kuhifadhiwa inaweza kubadilisha majibu, na maabara tofauti zimekuwa zikipata majibu yasiyolingana. Kwa hiyo kipimo hiki bado hakitumiki kama njia ya kawaida ya kuthibitisha saratani ya titi. Akitokea mtu wa kukuuzia, muulize daktari kabla hujatoa fedha.

Njia ya uhakika ni ileile: daktari akupapase, upigwe picha ya mamografia au ultrasaundi, na panapokuwa na shaka utolewe kinyama. Wengi huogopa kwamba sindano huamsha saratani. Sindano haisababishi saratani. Kinyama hicho ndicho pia huonyesha kama saratani inachochewa na homoni au ina protini ya HER2 kwa wingi, na daktari hupanga dawa kwa kufuata majibu hayo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Usizipoteze siku hizo ukisubiri teknolojia mpya au ukijaribu dawa za kupaka.

Nenda hospitali ukiona uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu iliyoingia ndani ghafla, majimaji au damu kwenye chuchu, au ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa. Mama unayenyonyesha, uvimbe usioisha usiuite maziwa yaliyoganda bila kupimwa. Nawe baba, wanaume pia hupata saratani hii, ingawa ni wachache.

Mzazi, ikiwa mama yako, dada yako au binti yako aliugua, mweleze daktari, kwani zipo jeni za hatari zinazorithiwa.

Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini wako hujui ni wa aina gani mpaka upimwe. Nenda wiki hii.