Mashine ya kufulia inapofurisha nyumba, chunguza bomba kwanza

MAJI ya mashine ya kufulia nguo yanapotapakaa sakafuni, aghalabu lawama huelekezwa kwa mashine yenyewe. Hata hivyo, mara nyingi mashine huwa imetekeleza wajibu wake barabara. Kasoro huwa katika bomba la majitaka lililoshindwa kuyapokea maji hayo.

Afuaye kwa mikono humwaga beseni polepole. Pampu ya mashine nayo husukuma lita 10 na zaidi kwa muda wa dakika moja au mbili. Bomba jembamba, au lililosongwa na nywele, mafuta, nyuzi za nguo na mabaki ya sabuni, hulemewa na maji yakarudi juu. Hali hii hushuhudiwa hususan katika nyumba za kupangisha ambazo mabomba yake yalitegwa kabla ya wapangaji kuanza kutumia mashine.

Mafuriko yakitokea, hatari ya kwanza ni umeme. Haifai kukanyaga maji ili kuifikia soketi. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, mradi iwe pakavu, kisha mfereji unaopeleka maji katika mashine ufungwe. Watoto waondolewe mahali hapo. Katika jengo la ghorofa, maji yakaushwe upesi kabla hayajapenya hadi kwa jirani wa chini.

Baada ya hapo, chanzo kitafutwe. Mpira wa kutolea maji uchomolewe, kisha ndoo ya maji imiminwe kwa kasi bombani. Yakirudi, bomba limeziba au ni jembamba mno. Yakiteremka vyema, basi mpira wenyewe ukaguliwe, kwani huenda ulichomoka au umepasuka. Endapo choo na sinki pia vinarudisha maji, kizuizi kiko katika bomba kuu, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba kumwita fundi. Mpangaji atakuwa amejikinga iwapo atamwarifu kwa maandishi.

Uchafu ulio karibu huweza kuondolewa kwa waya mrefu wa kuzibulia. Dawa kali zinahitaji hadhari. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikichanganywa na asidi hutoa gesi yenye sumu. Ikiwa dawa yoyote imekwisha kumiminwa, fundi aelezwe kabla hajaanza kazi.

Kinga si ghali. Bomba la kusimama lenye upana wa milimita 50 hivi, na mdomo ulio kati ya sentimita 60 na 90 kutoka sakafuni, hufaa mashine nyingi, ingawa kijitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Mpira ufungwe usiruke, lakini nafasi ya hewa iachwe kandokando yake. Ukizibwa pande zote au kuzamishwa mno, maji huweza kufyonzwa kutoka kwenye mashine ingali ikifua.

Kichujio cha pampu kisafishwe kila mwezi, na itumike sabuni ya mashine kwa kipimo, kwa kuwa ile ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi.

Bomba linalobwabwaja au kutoa maji kwa kusitasita tayari linatoa onyo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika ghorofa, ukuta huo huenda ukawa wa jirani.