Kiatu cha kwanza cha mtoto wa shule

Mwezi wa tisa ukikaribia, kila kikundi chetu kinaongea juu ya daftari na nguo za buluu na nyeupe. Viatu tunavikumbuka siku ya soko ya mwisho. Mama anaingia sokoni na pesa kidogo, mtoto amebaki nyumbani, na kiatu kinanunuliwa kwa macho. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini kiatu kilibaki juu ya mzazi. Basi tukiongelee mapema.

Sisi walimu wa darasa la kwanza tunaona miguu kila asubuhi. Wengine wanakuja miguu mitupu. Wengine wamevaa kiatu cha kaka, mbele kimejazwa kitambaa. Mzazi anasema, "Atakivaa miaka mitatu." Kwa matope yetu ya Mpofi hakivai hata miezi mitatu. Kisigino kinatoka, kiatu kinabaki kwenye tope, mtoto anakunja vidole ili akishike, kwenye mteremko anaanguka. Mwishowe anakibeba mkononi. Pesa imetoka na mguu uko wazi. Na kabla mguu haujakifikia, kisigino cha kiatu kimekwisha.

Mpimeni mtoto jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana. Asimame kwa miguu yote miwili, kisigino kiguse ukuta, utie alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mkubwa. Kisha kata kijiti cha urefu huo, uongeze sentimita moja, karibu upana wa kidole chako kidogo. Kijiti hicho ndicho kiende sokoni kama mtoto hawezi kwenda.

Wenye rula wanaweza kupata hata namba. Zile namba 24, 25, 26 ni za kipimo cha Ufaransa, na kutoka namba moja mpaka nyingine ni theluthi mbili za sentimita. Chukua urefu wa kijiti, zidisha kwa tatu, gawanya kwa mbili. Mguu wa sentimita 16 unatoa kijiti cha 17; mara tatu ni 51; nusu yake ni 25 na nusu; tafuta 26. Lakini kwenye viatu vya mtumba namba imefutika, au ni ya nchi nyingine yenye hesabu yake. Hapo aminini kijiti: kiingie mpaka mwisho bila kujipinda, na bila kucheza ndani.

Kiatu kilichovaliwa na mwingine, kiweke juu ya meza. Kama kisigino kimelika upande mmoja, kiache, kitampindisha mtoto wako. Tia mkono ndani utafute msumari. Kikunje: kinapaswa kujikunja mahali pa vidole, si katikati. Nyumbani kioshe kwa sabuni, ukianike juani.

Buti za mpira je? Kwa njia na kwa shamba ni nzuri sana. Kwa kukaa darasani kutwa, mguu unatoa jasho na ngozi kati ya vidole inapasuka. Ukinunua buti, nunua na soksi, na usizikaushe karibu na moto, mpira utapasuka. Kama pesa inatosha jozi moja tu, sisi tungechagua kiatu cha plastiki kilichofunika vidole na chenye mkanda nyuma. Kandambili ni za kuogea.

Mtoto tunayemwita mvivu darasani mara nyingine ana safura. Minyoo yake inapita kwenye ngozi ya mguu mtupu, kutoka udongo wenye choo cha watu, inafika tumboni na kunywa damu. Funza nao mnawajua. Na katika nchi za udongo wa volkano, kama Rwanda na Uganda, kuna watu ambao miguu imevimba kwa sababu ya kukanyaga udongo huo miaka mingi bila viatu. Waganga wa hospitali wanaita podokoniosisi. Si uchawi, na kinga yake ni kiatu, maji na sabuni.

Sababu nyingine hatuhitaji kumweleza mama wa Masisi wala wa Walikale. Siku ya kukimbia, mtoto anakimbia na kile alichovaa. Mkanda uwepo, na ajue kuufunga mwenyewe.

Wasichana pia wapimwe. Jozi ikiwa moja, tumeona inaenda kwa mvulana bila hata kuulizana.

Mtoto wa miaka mitatu mpaka sita, mguu unaongezeka karibu sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo rudisheni kijiti kila baada ya miezi michache. Kiatu kilichokuwa kidogo kisioze chini ya kitanda. Wenye likelemba tayari wana siku ya kukutana: kila mama alete alichonacho, kimeoshwa, na kijiti cha mtoto wake. Tunaomba ianze kabla ya masomo kufunguliwa, ili atakayekosa namba yake abaki na siku moja ya soko.