Kale kadudu ka ndakala kana jina

Kadudu kanakojishikiza kwa ndakala wa ziwa Tanganyika na kumnyonya si mdudu hata kidogo. Hesabu miguu: jozi saba! Mdudu wa kweli ana tatu. Kenyewe ni ndugu wa kaa, jamaa ya isopodi.

Mwaka 1968 Mwingereza Geoffrey Fryer alikaita Lironeca enigmatica. Neno la pili maana yake ni fumbo, na kweli ni fumbo, wenzake wengi wako baharini. La kwanza linatoka kwa Leach, 1818. Yeye alichukua Caroline ao Carolina, akavuruga herufi: Lironeca, Nerocila, Anilocra, Cirolana. Mwanamke mmoja, majina mane!

Wenye kuogopa kula ndakala, kadudu hako kananyonya samaki, hakaishi ndani ya mtu.