Doa la Damu Bila Kujigonga

Ndugu msomaji, umewahi kuamka asubuhi ukakuta doa jeusi pajani, wala hukumbuki kujigonga popote? Mtaani watakuambia upesi, "Umenyonywa damu usiku." Hakuna aliyeinyonya. Damu hiyo imo humo humo, chini ya ngozi.

Mishipa midogo ikipasuka, damu huvuja na kuvilia. Doa huanza jekundu au zambarau, baadaye hugeuka kijani, kisha manjano, kadiri mwili unavyoisafisha damu ile. Kwa kawaida huisha katika wiki mbili hivi. Ukiwa umejigonga, weka kitambaa chenye maji baridi siku ya kwanza. Usikande kwa maji ya moto siku hiyo (najua bibi zetu hawatakubali), wala usichanje. Wazee huvilia damu kwa urahisi mikononi kwa kuwa ngozi yao imekuwa nyembamba.

Linalotutia wasiwasi ni doa lisilo na sababu, hasa vidoa vingi vidogo kama ncha ya sindano. Chukua gilasi isiyo na rangi, uvibonyeze. Upele wa kawaida mara nyingi hufifia ukibonyezwa. Damu iliyovuja haifutiki. Kwa ngozi nyeusi vidoa hujificha, hivyo tazama pia viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na juu ya kinywa.

Mtoto mwenye homa na vidoa vya namna hiyo asingojee kupambazuke. Huenda ni homa ya uti wa mgongo, nayo huweza kuua kwa saa chache. Homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, nayo huweza kuleta vidoa hivyo. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii asipewe aspirini wala ibuprofeni, maana huzidisha kutoka damu. Ya kutuliza homa ni parasetamoli, kwa kipimo chake.

Hata kama homa hakuna, nenda ukapimwe picha kamili ya damu, hasa kama fizi au pua nazo zinatoka damu. Huko watahesabu chembe sahani, zile zinazoziba mishipa iliyopasuka. Mtu mwenye afya huwa na 150,000 au zaidi katika kila mikrolita ya damu. Zikipungua sana, yaweza kuwa saratani ya damu; yaweza pia kuwa ugonjwa unaotulizwa kwa vidonge tu. Mtajie daktari dawa zote unazotumia, na zile za mitishamba usizifiche.