Baraza Kivuli la Mawaziri: Kiongozi Mpya Anapochagua Wasaidizi Wake

Kila ifikapo Aprili mji wetu wa Dodoma hubadilika. Wabunge huwasili kwa Mkutano wa Bajeti, nyumba za wageni hujaa, na hadi mwisho wa Juni mazungumzo ya mjini huwa ni mafungu na makadirio ya wizara. Wengi wetu tunaukumbuka utaratibu uliokuwapo hadi mwaka 2020. Waziri aliposoma hotuba yake, alifuata msemaji wa kamati ya kisekta, kisha akasimama mtu wa tatu, yaani Msemaji wa Kambi Rasmi ya Upinzani kwa wizara ile ile, ambaye watu walizoea kumwita Waziri Kivuli. Katika Bunge la Kumi na Mbili mtu huyo wa tatu hakuwapo. Waamini wameuliza yeye ni nani hasa, nani humteua, na Mkristo ana sababu gani ya kujali kama yupo au hayupo.

Waziri kivuli hana wizara. Haamuru polisi, hasaini hundi, wala hateui mkurugenzi. Kazi yake ni kuifuata wizara moja hatua kwa hatua, kusoma vitabu vyake vya bajeti, kulinganisha kilichoahidiwa mwaka jana na kilichotolewa, na kusema mbele ya Taifa kile ambacho chama chake kingefanya tofauti. Kiongozi wa Upinzani Bungeni ndiye humteua, na uteuzi huo ni mtihani wake wa kwanza, kwa kuwa wananchi huitazama orodha ile kama serikali inayoweza kuja kesho.

Utaratibu huu asili yake ni Uingereza, ambako tangu mwaka 1937 Kiongozi wa Upinzani hulipwa mshahara na dola. Maana yake ni kwamba anayeikosoa serikali kwa utaratibu anaitumikia nchi, si adui yake. Kwetu ulikuja baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992. Hapa inafaa kukumbuka kwamba Tume ya Jaji Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 tu ndio waliotaka mabadiliko, na Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere akashauri kwamba wachache hao wasikilizwe. Hamad Rashid Mohamed wa CUF aliiongoza kambi hiyo kuanzia 2005 hadi 2010, na Freeman Mbowe wa Chadema kuanzia 2010 hadi 2020.

Mbowe alipoanza, aliunda baraza la wabunge wa chama chake peke yake, jambo lililowaudhi wapinzani wengine. Mwaka 2014, wakati wa Bunge Maalumu la Katiba lililoketi papa hapa Dodoma, vyama vilivyounda UKAWA viliungana, naye akalipanua baraza lake kuwaingiza wabunge wa CUF na NCCR-Mageuzi. Kwa maoni yetu uamuzi wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza, ingawa ulichochewa na hesabu za kisiasa kama ilivyo kawaida ya siasa.

Mwaka huo huo tuliona faida ya kukosoa kwa utaratibu. Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo kwa desturi huongozwa na mbunge wa upinzani, ilikuwa chini ya Zitto Kabwe. Taarifa yake ya Novemba 2014 kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow ilifuatiwa na kujiuzulu kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha waziri mmoja akaondolewa na mwingine akajiuzulu. Hakuna jiwe lililorushwa barabarani. Karatasi zilisomwa, wabunge wa pande zote wakajadili, na maazimio yakapitishwa.

Kambi hiyo ilikoma baada ya uchaguzi wa 2020. Kanuni za Bunge zinataka upinzani uwe na walau asilimia 12.5 ya wabunge wote ili kuunda kambi rasmi, na mwaka ule vyama vyote vya upinzani kwa pamoja vilipata majimbo manane. ACT-Wazalendo kikaamua kuunda baraza kivuli nje ya Bunge. Dorothy Semu, aliyechaguliwa kuwa Kiongozi wa Chama Machi 2024 kumrithi Zitto, kabla ya hapo alijulikana kama Waziri Mkuu Kivuli wa chama hicho. Jitihada hiyo ni ya kupongezwa, lakini msemaji wa nje hawezi kumlazimisha waziri amjibu, na jibu ndilo mwananchi wa Bahi au Kongwa analolihitaji anapouliza habari za maji na pembejeo.

Kuhusu kuchagua wasaidizi, mfano wa karibuni ni wa mwana wa nyanda zetu za kati. Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi mkoani Singida, alikuwa Mnadhimu wa Kambi ya Upinzani alipopigwa risasi hapa Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Januari 2025 alichaguliwa Mwenyekiti wa Chadema kwa kura 513 dhidi ya 482 za Mbowe. Makamu wake upande wa Bara, John Heche, alichaguliwa na wajumbe. Katibu Mkuu, hata hivyo, hupendekezwa na Mwenyekiti na kuthibitishwa na Baraza Kuu, na Lissu akampendekeza John Mnyika, yule yule aliyeshika nafasi hiyo chini ya mshindani wake. Miezi mitatu baadaye Lissu alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na Heche akalazimika kukiongoza chama. Hatupigii debe chama chochote, na sheria ya Kanisa inawazuia mapadre wetu kushiriki kikamilifu katika vyama. Tunataja tu kilichotokea, kwa sababu kinaonyesha kwamba nafasi ya makamu si ya kumpoza mtu aliyekosa cheo.

Maandiko Matakatifu yana mengi juu ya uteuzi wa namna hii. Katika sura ya 18 ya Kitabu cha Kutoka, Yethro anamwona Musa akichoka kwa kuamua mashauri peke yake, naye anamshauri atafute watu wenye uwezo, wamchao Mungu, waaminifu na wanaochukia rushwa. Undugu na idadi ya kura walizomletea haviko miongoni mwa sifa hizo. Kinyume chake ni Rehoboamu, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 12, aliyeuacha ushauri wa wazee akawasikiliza vijana waliokua pamoja naye, na makabila kumi yakamkimbia.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 75, unawataka waamini watambue kwamba watu wanaweza kutofautiana kihalali juu ya mambo ya nchi, na unavitaka vyama visitangulize maslahi yao mbele ya mafao ya wengi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus namba 46, anaithamini demokrasia kwa kuwa huwawezesha raia kuwawajibisha viongozi na kuwabadilisha kwa amani. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na vurugu na vifo ambavyo familia nyingi bado zinaviombolezea. Hatudai kwamba baraza kivuli lingeyazuia yote hayo. Tunasema kwamba mahali pa kusemea yasiyopendeza, panapotambuliwa na sheria, ni miongoni mwa vitu vinavyoilinda amani, na vyama vyote, kikiwamo kinachotawala, vina wajibu wa kupatunza.

Halmashauri za Walei zitakazopenda kulijadili jambo hili zinaweza kusoma hotuba za Kambi ya Upinzani za miaka iliyopita katika Taarifa Rasmi za Bunge, maarufu kama Hansard. Tunashauri kuanza na hotuba za wizara ya kilimo au ya maji, na kuisoma kwanza ya Waziri, kisha ya msemaji wa upinzani ya siku hiyo hiyo.