Imesajiliwa, Lakini Pesa Zako Ziko kwa Nani?

Swali ni lile lile, iwe kwenye semina au kikao cha harusi, watu wakishajua kwamba nakagua taasisi za fedha: “Hii programu ya kukopeshana mtu kwa mtu imesajiliwa?” Nikisema usajili hautoshi, naonekana nakwepa. Basi leo najibu kwa maandishi.

Ezubao ilikuwa kampuni iliyosajiliwa. Jukwaa hilo la China lilianza mwaka 2014, likajitangaza hadi kwenye televisheni ya taifa. Watu wapatao 900,000 wakaweka humo zaidi ya yuan bilioni 50. Liliposimamishwa Desemba 2015, wachunguzi walikuta zaidi ya asilimia 95 ya miradi iliyotangazwa ni ya kubuni. Wakopaji hawakuwepo! Aliyeingia leo alikuwa akimlipa aliyeingia jana. Huku kwetu Tanzania huo ni upatu, na waliolizwa na mchezo wa DECI mwaka 2009 wanaujua vizuri.

BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, inasajili jina na wakurugenzi. Haikagui vitabu vya mikopo, wala si kazi yake. Msinioneshe pia leseni ya daraja la pili ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Hiyo inaruhusu kukopesha, hairuhusu kupokea amana za watu. Anayekopesha fedha zake akifilisika, amepoteza chake. Anayechukua fedha yako amkopeshe mtu usiyemjua ameshika chako, na kumsimamia huyo kunahitaji kanuni nyingine kabisa.

India iliziandika mwaka 2017. Fedha zipite kwenye akaunti maalumu chini ya mdhamini wa benki, jukwaa lisikopeshe fedha zake wala kuahidi kufidia deni, na mtu asimkopeshe mkopaji mmoja zaidi ya rupia 50,000. China nayo iliweka masharti makali mwaka 2016, majukwaa yakiwa yameshafika maelfu. Ilikuwa imechelewa: kufikia Novemba 2020 halikubaki hata moja.

Kwa hiyo ulizia pesa zinaingia akaunti ya nani. Ikiwa ni ya kampuni yenyewe, toka. Wakihakikisha faida, toka. Waombe takwimu za mikopo iliyochelewa, wakigoma, toka. Ukibaki, gawa kwa wakopaji wengi, na ada ya watoto isiguswe.

Na wewe uliyekwisha kuweka, jaribu kutoa sehemu ya fedha zako wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi.