Cheni ikilegea, usikimbilie kuikata

RUSIZI – Kutoka Kamembe hadi mpakani Cyangugu njia ni mteremko. Ukivuka daraja la mto Rusizi na kuingia Bukavu, milima inakungoja. Hapo ndipo cheni iliyolegea huruka meno, na mzigo wa nyanya ukabaki njiani huku wenzako wakiuza.

Kwa baiskeli isiyo na gia, kazi hii hufanyika nyumbani. Kwanza legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, livute nyuma likiwa limenyooka, kisha kaza. Katikati, cheni icheze juu na chini kama nusu inchi.

Gurudumu likifika mwisho na cheni bado imelegea, ipime kwa futi ya fundi cherehani. Cheni mpya, kutoka pini ya 1 hadi ya 25, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/8 ya inchi, imechakaa. Kuikata hakutasaidia, nunua nyingine na ukague meno pia.

Ikiwa bado nzima, toa pingili mbili zinazofuatana, nyembamba na pana, ili ncha zikubali kuungana. Ukirudisha klipu, upande wake uliozibwa uelekee cheni inakokwenda, isije ikachomoka mlimani.